Beringi ya Kati

Lomayani kaniletea kranki ndani ya gunia la kahawa,
kaitua mlangoni pa gereji, hapa Pasua, saa mbili asubuhi,
kama mtu aliyeleta mgonjwa na hataki kutaja ugonjwa.
"Trekta la babu," kasema. "Lilizaliwa kwa mizunguko elfu mbili.
Mimi nataka elfu tano. Mita mia, sleji nyuma,
halafu life likipenda."

Sikumjibu. Niliifuta kwa mafuta ya taa
nikaona pale katikati, shingo ya tatu,
buluu: rangi ya chuma kilichoungua kimya kimya.

Wenye vitabu watakwambia injini ya pistoni nne haina deni.
Mbili zikipanda, mbili zinashuka,
jumlisha, toa, jibu sifuri.
Ni kweli. Nami nimeijumlisha.
Ila za mwishoni zinavuta juu, hizi mbili za kati zinavuta chini,
kranki inajikunja kabla jibu halijafika,
na beringi ya kati haijasoma hesabu.

Kwetu tulikuwa watatu.
Mkubwa alipewa kihamba cha juu, mdogo akabaki na nyumba ya baba,
wakavutana miaka tisa, huyu huku, yule kule.
Majirani wakasema: familia ile imetulia, husikii kelele.
Basi.

Nilichonga vizani vinane kutoka ekseli ya lori,
nikavifunga upande wa pili wa kila mkono wa kranki
ili kila pini ibebe mzigo wake hapo hapo ilipo,
isimtumie jirani.
Nane. Mwalimu wetu wa ushairi alidai mizani nane, kituo, nane,
alikuwa akizihesabu kwa kugonga dawati.
Hakuniambia kuna siku nitazisaga kwa grainda.

Mizani ya kilo haikufaa. Nikaenda kwa Harshad sonara.
"Pete?"
"Pistoni."
Alicheka mpaka miwani ikamshuka puani,
lakini alizitandikia kitambaa chekundu, moja moja, kama mahari.
Mia tisa na nne. Mia tisa na moja. Mia tisa na nne.
Mia tisa na saba, nikaguna.
Nilikesha nikizikwangua kwa ndani
mpaka zote zikataja namba ya ile nyepesi.

Kwenye vizani viwili bado palipungua, na nafasi ya chuma imekwisha.
"Tutoboe, tumimine risasi," akasema Elifuraha, kijana wangu.
Kwa mizunguko elfu tano, mwanangu,
risasi hukumbuka maana yake ya pili.
Tukaagiza tangsteni. Vipande vidogo kama vidonge vya malaria,
vizito kama ahadi ya mtu mkweli.
Nikavipigilia kwa ubavuni, sambamba na kranki,
vikitaka kuruka vikute ukuta.

Siku ya kuiwasha niliweka bilauri ya maji juu ya kifuniko.
Elfu mbili. Elfu tatu na nusu. Bati la gereji likaanza kuimba.
Maji hayakumwagika,
lakini yalitetema, duara ndani ya duara.
"Na huo?" akauliza Lomayani.
Huo ni mtikisiko wa pili, nikamwambia,
unakuja mara mbili kwa kila mzunguko,
na hakuna kizani cha kuzunguka kinachouwahi.
Nenda nao hivyo hivyo.

Jumamosi, Kahe, kwenye shamba la katani lililokufa,
vumbi likafuta mlima.
Mita tisini na mbili. Hakushinda.
Alishuka akicheka, mikono bado inacheza.

Jumatatu nikafungua sampu, nimelala chali chini ya injini,
mafuta yakinidondokea kwenye kiwiko.
Beringi ya kati ilitoka ya kijivu, laini, kama kijiko cha nyumbani.
Hakuna buluu.
Elifuraha aliniita mara mbili, chai inapoa.
Niliishika tu, kiganjani, mpaka ikapata joto.